Neno Alilolisahihisha Nashon Ogutu

Nashon Ogutu alikuwa mtu wa kuchelewa kujibu. Ukimwuliza habari za asubuhi, alilipima swali lako kwanza, kana kwamba kesho ataitwa kuapa juu ya jibu lake. Wengi pale kazini walisema ana maringo. Mimi nilifanya kazi naye miaka tisa, yeye ndani ya chumba cha mahakama na mimi chumba cha taipu ukuta wa pili, na nasema maringo hakuwa nayo. Alikuwa mkalimani, na kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye salamu.

Mimi naitwa Phoebe Naliaka. Mahakama yenyewe ilikuwa katikati ya Nairobi, na siitaji kwa jina kwa sababu baadhi ya waliohusika bado wako hai na wanapenda kesi. Siku zile hakimu aliandika ushahidi kwa mkono wake, kwa Kiingereza, mwandiko wa kukutoa machozi, kisha mimi nikaugeuza kuwa kurasa safi. Kwa hiyo karibu kila wizi wa ajabu uliofikishwa mbele yetu miaka ile ulipita vidoleni mwangu. Nilimtaipu bwana mmoja aliyeng'oa mlango wa nyumba ya watu akaenda nao, akakamatwa kwa sababu siku ya pili alirudi kuuliza kama ufunguo wake upo. Nilimtaipu mwingine aliyeiba kengele ya kanisa akaibeba begani mchana, nayo ikalia njia nzima mpaka kituo cha polisi. Watu hukimbilia kusoma habari za mauaji. Mimi nawaambia, ukitaka kumjua binadamu alivyo, soma wizi mdogo mdogo.

Nashon alitoka Gem. Alikuwa mwembamba, mwenye masharubu yaliyokatwa kwa makini, na koti moja la kijivu ambalo mkewe Peres alilipiga pasi kila jioni. Peres alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja Kilimani, enzi hizo Kilimani ikiwa ni mabustani na mbwa wakali, na mtu na mkewe waliishi chumba cha nyuma ya nyumba ile. Kila asubuhi Nashon alitembea mpaka mjini kwa miguu. Hakupenda basi, alisema ndani ya basi watu huongea ovyo.

Alijua Dholuo, Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu. Hiki Kikuyu hakujifunza kwa jirani wala sokoni. Alinunua Biblia ya Kikuyu, akaiweka kando ya ile ya Dholuo, akasoma mstari kwa mstari jioni baada ya jioni mpaka zote mbili zikaisha. Matokeo yake alikisema Kikuyu safi kabisa, ila cha manabii. Mashahidi kutoka Kiambu walikuwa wakimsikia akiuliza "ulifika wapi siku ile" wakadhani wanaulizwa habari za kuvuka Bahari ya Shamu. Lakini walimwelewa, na miaka kumi na mmoja hakuna neno lake hata moja lililorudishwa. Hilo alilijua, na nikisema ukweli, alilipenda kupita kiasi. Mkalimani, alikuwa akiniambia, ni bomba la maji. Kinachoingia huku ndicho kinachotoka kule, na bomba halina ruhusa ya kutia sukari.

Sasa niwape kesi yenyewe. Ilikuwa mwaka wa 1967. Kulikuwa na maonyesho ya mifugo upande wa Barabara ya Ngong, na fahali mmoja mweusi na mweupe wa mkulima wa Limuru alishinda zawadi ya kwanza. Aliitwa Kanali. Alifungwa utepe wa buluu kichwani, pembe zikapakwa mafuta zikang'aa. Siku ya mwisho, saa nane mchana, bendi ikipiga na mifugo ikipitishwa mbele ya watu, kijana mmoja mwenye koti jeupe la wahudumu alishika kamba ya Kanali, akafuata maandamano, na maandamano yalipopinda kushoto yeye akaenda moja kwa moja. Akatoka langoni. Bawabu alimfungulia.

Hapo ndipo kesi ilipoanza kuwa tamu. Barabarani kulikuwa na polisi wa trafiki. Konstebo huyo aliapa mbele ya hakimu, bila kutabasamu, kwamba alipomwona fahali na utepe wake alisimamisha magari pande zote mbili ili apite, na kwamba alipiga saluti. Alidhani ni sehemu ya sherehe. Baada ya hapo kijana na Kanali walitembea kwa raha zao kuelekea Dagoretti, na hakuna aliyewauliza kitu, kwa maana ng'ombe anayeelekea Dagoretti kila mtu anajua anakwenda kuchinjwa. Siku ya nne polisi walimkuta fahali mzima, mnene, utepe ungali kichwani, akila majani ya viazi vitamu katika zizi la nyanya mmoja mjane aliyeitwa Wamucii.

Aliyeshtakiwa alikuwa Hezekiah Were, kibarua kutoka Samia, aliyeajiriwa kwa wiki moja kuosha mifugo ya maonyesho. Konstebo wa saluti hakuushika uso wa mwizi, alishika namba iliyokuwa mgongoni mwa koti: kumi na nne. Namba kumi na nne ilikuwa ya Hezekiah. Yeye alisema alilivua koti akalitundika ukutani ili lisilowe, na aliporudi halikuwepo, na fahali pia hakuwepo. Hakuna aliyemwamini. Wizi wa mifugo ulikuwa na kifungo cha miaka mingi na viboko juu yake. Alisimama kizimbani mikono nyuma, mtu mkubwa wa mwili. Mkewe Philister alikaa nje kwenye ngazi na mtoto mgongoni, kwa sababu mtoto alikuwa akilia na askari wamemtoa.

Wamucii aliletwa kama shahidi wa serikali. Mwendesha mashtaka alitarajia amnyooshee Hezekiah kidole, kesi iishe kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nimeacha mashine yangu nikasimama mlangoni, jambo ambalo sikuruhusiwa kulifanya na nililifanya kila mara. Nyanya alikuja polepole, akashika Biblia kwa mikono yote miwili, akaapa kwa sauti iliyofika mpaka nje. Akaulizwa nani alimleta fahali nyumbani kwake. Akamtazama Hezekiah kwa muda, akasema kwa Kikuyu kwamba si huyu, huyu hajawahi kumwona. Kisha akasema aliyemleta.

Desturi ya ukalimani ni kwamba shahidi akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi". Kwa hiyo Nashon, na masharubu yake, akamgeukia hakimu akatangaza kwa Kiingereza chake kilichonyooka: "Aliletwa na mume wangu." Watu wakacheka. Hakimu, Mzungu mtu mzima aliyebakiza miezi michache arudi kwao, aligonga meza, ila naye alikuwa akizuia kicheko.

Mwendesha mashtaka hakucheka. Alitoa karatasi. Mume wa shahidi, Zachariah Wainaina, alizikwa mwaka wa 1956. Akamwuliza Wamucii mara ya pili, akamwuliza mara ya tatu, na kila mara nyanya alikubali kwamba alimzika, kisha akajibu vilevile, kwa utulivu, na Nashon akafasiri vilevile: mume wangu. Mwisho mwendesha mashtaka akaiambia mahakama kwamba ama nyanya huyu amezeeka akili imechoka, ama amepewa kitu amfiche mwizi, na kwa vyovyote ushahidi wake utupwe. Hakimu akakubali kuutupa. Akasema hukumu ataisoma saa nane u nusu.

Na bila ushahidi wa Wamucii, Hezekiah alibaki na koti namba kumi na nne tu.

Tulikwenda kula kwa Gathoni, aliyekuwa na kibanda cha chai na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nyuma ya maduka, mwendo wa dakika tano kutoka mahakamani. Nashon hakuwa na hamu ya kula. Alisema yule nyanya hakuwa na uso wa mtu anayedanganya, na kwamba miaka kumi na mmoja ameshaona nyuso. Mimi nilimwambia wazee husahau nani amekufa, nyanya ya mama yangu alikuwa hivyo. Akasema anayesahau hababaiki na karatasi ya kifo, lakini pia haikubali. Yule aliikubali. Alisema ndiyo, nilimzika, halafu akarudia neno lake.

Gathoni alikuja na chai akatuambia Jumamosi hatafungua, tujue mapema.

"Baba anaoa," alisema.

Nashon aliweka kikombe chini. "Baba gani, Gathoni? Mwaka juzi si sisi tulichanga matanga ya baba yako?"

Gathoni alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. "Huyo ni kijana yangu ya pili. Si yeye ndiye anaitwa jina ya baba? Sasa unataka nimwite nani? Yeye ndiye baba yangu."

Nashon akamwuliza, polepole, neno moja moja: na mama yako wewe, mjukuu wa kiume aliyepewa jina la marehemu mumewe, angemwita nani? Gathoni akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akasema kila mtu anajua hiyo. Nyanya anamwita bwana yangu. Anamtania kuwa hajamletea sukari, kuwa anaangalia wasichana wengine, na kijana anaitika.

Biblia, kumbe, haikumfundisha kila kitu.

Tulirudi tukitembea, na ndipo nilipoona jinsi jambo lilivyomkaa. Mimi mdomo wangu ni mwepesi, nilimwambia aende sasa hivi amwambie hakimu, anangoja nini. Akasimama katikati ya njia ya miguu, watu wakitupita. Mkalimani si shahidi, alisema, hana ruhusa ya kueleza mila za watu. Na Hezekiah ni mtu wa magharibi, upande wa kwetu mimi na wewe, nikifungua mdomo watasema nimemtungia hadithi. Na mwezi ule walikuwa wanamfikiria kwa cheo cha mkalimani mkuu. Hayo yote aliyasema kwa haraka, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema la mwisho kwa taratibu.

"Yule mama aliapa na hakudanganya, Phoebe. Mimi ndiye niliyemdanganyia."

Nikamwuliza kama anaelewa kwamba nyanya alilijua lile neno tangu mwanzo. Alikuwa Mkristo wa kweli, hakuweza kuweka mkono juu ya Biblia na kusema uongo. Basi alisema kweli tupu, akamtegemea mkalimani Mjaluo asiielewe. Nashon akaniambia ndiyo, hilo amelifikiria, na ndilo linalomuuma. Kwa sababu akinyamaza, Hezekiah anafungwa kwa mdomo wake Nashon. Na akisema, anakwenda kumchukulia ajuza wa watu kijana wake. Nilikasirika, nikatangulia kurudi kwenye mashine yangu.

Saa nane u nusu hakimu alivaa miwani akafungua daftari. Hezekiah aliinuka. Na kabla neno la kwanza halijasomwa, Nashon Ogutu alipiga hatua moja mbele, akasema anaomba ruhusa ya kusahihisha tafsiri yake ya asubuhi.

Mwendesha mashtaka aliruka. Alisema mkalimani si shahidi, na kwamba mahakama ingependa kujua mkalimani na mshtakiwa wanatoka wilaya gani. Nashon aliendelea kumtazama hakimu. Alisema tu kwamba alifasiri neno, na neno lilikuwa sahihi, lakini kwa watu wa shahidi neno hilo lina watu wawili, naye alimpa hakimu mmoja. Hakuomba kueleza. Aliomba shahidi aulizwe swali moja tena.

Hakimu alivua miwani. Nadhani ni udadisi uliomshinda, si sheria. Alisema shahidi arudi.

Wamucii aliporudi alimtazama Nashon, si hakimu. Alikuwa ameshajua. Nashon aliuliza kama alivyoelekezwa, kwa Kikuyu chake cha manabii: una waume wangapi?

Watu walikwisha kuanza kucheka, lakini uso wa nyanya uliwakatiza. Mkono wake ulikwenda kwenye Biblia, ambayo ilikuwa bado pale ukingoni, ukakaa juu yake.

"Wawili," alisema. "Mmoja nilimzika. Mwingine ni yule pale, ameshika kiondo changu."

Vichwa vyote viligeuka. Benchi la nyuma aliketi kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mtanashati, na kiondo cha nyanya yake mapajani na shali yake juu ya kiondo. Jina lake Zachariah Wainaina, sawasawa na la babu. Ndiye aliyemleta mahakamani, ndiye aliyengoja kumrudisha. Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi na mimi peke yangu ndiye niliyesimama hapo. Aliinuka, akakunja ile shali vizuri, akaitia ndani ya kiondo, akampa mama aliyekaa karibu amshikie.

Hakuficha kitu. Alikuwa kibarua wa lango siku za maonyesho, koti alilichukua ukutani. Wala hakutaka kumuuza Kanali. Nyanya yake alikuwa na ng'ombe mmoja, mwembamba, maziwa ya kikombe, na yeye alitaka apandwe na fahali wa maana walau mara moja maishani. Alikusudia kumrudisha Jumatatu. Hakimu alimwuliza mbona basi hakumrudisha. Kijana akasema alijaribu. Fahali anayekwenda Dagoretti haulizwi na mtu. Anayetoka Dagoretti, kila mtu anamwuliza.

Hapo hata mwendesha mashtaka aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Hezekiah aliachiliwa jioni ile ile. Alimshika Nashon mkono kwa mikono yake yote miwili, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama fahali alioshwa zile siku nne. Philister alikuwa amelala kwenye ngazi, ameegemea ukuta, na alipoamshwa akamwona mumewe amesimama mbele yake, alimpa mtoto na kuanza kulia. Mimi nililia pia, sioni haya kusema.

Cheo cha mkalimani mkuu alipewa mtu mwingine. Karani mkuu alimwita Nashon akamwambia kwamba mkalimani anayejisahihisha mbele ya umma anaifanya mahakama ionekane haijui kusikia. Nashon alijibu kwamba haikujua. Hakuinuka cheo tena mpaka alipostaafu, na tangu siku ile shahidi yeyote akitaja mama, baba, mke au mume, Nashon aliomba ruhusa aulize ni yupi. Kesi zikawa ndefu. Mahakimu wapya walimlalamikia. Kwa upande wangu, nilitaipu kurasa nyingi zaidi kwa ajili yake kuliko kwa mtu yeyote, na nilinung'unika kila siku.

Kesi ya kijana ilisikilizwa wiki mbili baadaye, chumba kile kile, hakimu yule yule. Nashon angeweza kuomba mwingine akae mahali pake siku hiyo. Nilimwambia aombe, hata homa asingizie. Alikuja, na koti lake limepigwa pasi.

Kijana alikiri kosa. Hakimu alisema amezingatia kwamba fahali alirudi mzima, lakini wizi wa mifugo ni wizi wa mifugo, akampa miaka miwili. Nashon alilifasiri hilo kwa Kikuyu, akimtazama kijana, sauti yake sawa na siku zote. Askari wakamshika mkono.

Ndipo Wamucii alipoinuka kutoka benchi la nyuma. Safari hii alikuja peke yake, na kiondo alikishika mwenyewe. Alisema sentensi moja kwa Kikuyu, si kwa kelele. Waliojua lugha ile wakatazama chini.

Hakimu akauliza anasema nini.

Nashon alichelewa, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia hakimu, kwa sababu mkalimani humgeukia hakimu, na akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza:

"Umenifanya mjane mara ya pili."

Hakimu alikuwa mwekundu usoni, sasa akawa mwekundu zaidi. Alidhani ameambiwa yeye. Aliinama akaandika yale maneno daftarini polepole, na kesho yake niliyasoma, nikayataipu. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na niliona macho ya nyanya yalikuwa wapi, hayakuwa kwa hakimu hata kidogo, yalikuwa kwa mkalimani. Nilimtazama Nashon nikingoja aseme anaomba ruhusa, kuna neno moja la kusahihisha. Aliendelea kusimama pale, mikono imenyooka, mpaka karani akaita kesi nyingine.